Laini Yako, Jina Lako, Kesi Yako



Ndugu yangu wa Makina, dadangu wa Kawangware, leo sitakuambia "jihadhari na matapeli" vile redio husema kila asubuhi na wewe unaendelea na chai yako. Hayo unayajua. Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwa hii namba" umekufikia mara ngapi? Ulicheka, ukafuta. Yule wa kupiga kutoka Kamiti akijifanya mtu wa huduma kwa wateja, ulimpotezea wakati makusudi hadi akakata mwenyewe. Mtaani tuko macho. Kumtoa kijana wa Kibera mia tano kwa simu si kazi rahisi.

Shida ni kwamba tapeli naye amelijua hilo. Hakutafuti tena kwa ajili ya pesa zako, manake anajua huna. Anakutafuta kwa ajili ya jina lako. Na utapeli wa aina hii haukutoi shilingi hata moja. Unakupa. Ndiyo maana wengi wameingia na hata hawajui wameingia.

Dili huja hivi. Jamaa mnayesalimiana kwenye maskani anakuambia kuna mteja anamtumia pesa lakini M-Pesa yake imejaa. Zipitie kwako, ukatoe kwa ajenti, umpe, wewe ubaki na elfu moja na mia tano. Kazi ya dakika kumi. Sasa hebu tulia kidogo. Tangu Agosti 2023 akaunti ya M-Pesa inabeba hadi shilingi 500,000. Mtu ambaye simu yake imefurika nusu milioni ndiye huyo anayekuomba umwazime nauli ya kufika tauni?

Ama hataki akaunti, anataka laini. "Nipe kitambulisho chako nisajili, changu kimepotea." Ama ananunua ile laini yako ya zamani ambayo hujaiwasha mwaka mzima, anakupa mia tatu na unaona umemkalia. Ama ni wale wa kusajili laini bure kando ya barabara, chini ya mwavuli. Si wote, wengi wanatafuta riziki yao ya halali. Lakini yuko yule anayekupiga picha, akasema haijatoka vizuri, akarudia, na wewe ukaenda nyumbani na laini moja huku jina lako limeandikwa kwenye mbili.

Sasa fuata ile pesa iliyopita kwako. Upande wa pili kuna mama, labda yuko Kakamega, labda yuko Kitui. Amepigiwa simu akaambiwa mtoto wake ameanguka shuleni, gari la hospitali linasubiri malipo. Akatuma akitetemeka. Kabla pesa haijatoka, M-Pesa ilimwonyesha jina la mpokeaji. Hilo jina ni lako. Baadaye anapogundua mtoto yuko darasani mzima, anaenda kituo cha polisi na kitu kimoja tu mkononi: ujumbe wenye jina lako, namba yako, siku na saa. Yule jamaa wa maskani hayupo popote kwenye ile hadithi. Laini aliyokupigia nayo ilishatupwa kwenye bwawa la Nairobi.

Kuna kinyozi mmoja upande wa Lindi alitujia na jambo hili. Alipitishiwa 18,000, akatoa, akakabidhi, akabaki na chake. Wiki tatu zikapita. Siku moja wapelelezi wakaingia kinyozini na mteja bado ana povu usoni. Walimuuliza nani alimpa kazi hiyo. Akataja jina la utani. Jina kamili? Hajui. Anaishi wapi? "Huko chini." Hakuwa na ushahidi wowote isipokuwa ule unaomfunga yeye. Mamake aliuza friji na cherehani kupata dhamana, na kesi ikawa inatajwa na kuahirishwa, kutajwa na kuahirishwa, kila mara anafunga duka nusu siku.

Utasema hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Mimi nasema kwetu sisi hatari hii ina uzito wake wa pekee, na ndiyo sababu naandika.

Unakumbuka Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa? Serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, na akaunti za watu na mashirika kadhaa zikafungwa. Miongoni mwao yalikuwa mashirika ya haki za binadamu ya Pwani, Muhuri na Haki Africa. Ilibidi waende mahakamani, na mwaka huohuo mahakama ikawaondolea ile lawama. Fikiria: watu wenye ofisi, mawakili na vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa walihangaika miezi kurudishiwa jina lao. Wewe una nini? Una kijidaftari cha deni la chapati.

Sisemi kila kesi ya utapeli inageuzwa kuwa ya ugaidi. Hapana, na tusitiane hofu bure. Lakini pesa isiyojulikana imetoka wapi na imekwenda wapi, ikipita kwenye laini ya kijana wa Kiislamu wa Kibera, huulizwa maswali ambayo haiulizwi pengine. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inawaruhusu polisi kumwomba hakimu akuzuie zaidi ya zile saa 24 za kawaida huku wakiendelea kuchunguza. Tumepigania miaka mingi vijana wetu wasishikwe kwa sababu ya majina yao. Halafu kijana analikodisha jina lenyewe kwa elfu moja na mia tano!

Na kitambulisho! Hapa wa Kibera hasa mnisikize. Wanubi wamekuwa kwenye ardhi hii tangu mwanzo wa karne iliyopita, na bado kijana wa Kinubi amekuwa akikalishwa mbele ya kamati aulizwe babu yake alizaliwa wapi. Jambo hili lilifika hadi kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto, ambayo Machi 2011 iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Kuna wazee mtaani walifukuzia kile kikadi miaka. Kijana wao amekipata juzi, leo kimelala kwa mtu wa duka kama rehani ya chaja ya simu. Na mwenye duka ana simu yenye kamera.

Utambulisho wa mtu umekuwa bidhaa, na soko lake linajua mahali watu wana njaa. Agosti 2023 Nairobi nzima ilijazana KICC kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin, ahadi ikiwa sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data zile zifutwe, kwa kuwa zilichukuliwa kinyume cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Siwaweki hao kapu moja na wezi wa simu. Lakini uliza waliopanga foleni siku ile: wangapi waliuliza macho yao yanaenda wapi? Watu waliuliza pesa inaingia saa ngapi.

Sasa nije kwa jambo ambalo tunaliogopa kulisema. Mara nyingi anayekuingiza ni wa kwetu. Ana kofia, anakuita "akhy", mmesimama safu moja Ijumaa. Ukimuuliza "hii pesa ni ya nani?" unaona kama umemvunjia heshima. Dada naye anaongezwa kwenye kundi la WhatsApp la "uwekezaji halali kwa akina dada," kila asubuhi kuna dua, kila jioni kuna picha ya mtu aliyelipwa. Nani atauliza leseni katikati ya dua?

Lakini dini yetu haijatufundisha kuona haya kwenye mambo ya pesa. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Na aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari anayotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kwa hiyo ukimwambia akhy wako "tuandikiane," uko kwenye mafundisho. Anayekasirika ndiye ajieleze.

Na hizi biashara za "halali" za kwenye simu, forex ya halali, mudharaba wa faida asilimia 30 kila mwezi bila hasara, hebu tuzitazame kwa jicho la fikihi kabla hata hatujafika kwa jicho la polisi. Mudharaba ni mmoja kutoa mtaji na mwingine kutoa kazi. Faida wanagawana kwa kiwango walichokubaliana, na biashara ikianguka bila uzembe wala hila ya mfanyakazi, mwenye mtaji ndiye anabeba hasara ya mtaji. Sasa mtu akikuhakikishia faida maalum kila mwezi, mvua ije jua lije, huo si mudharaba tena. Amekuahidi riba akaivalisha kanzu. Huhitaji kuwa mtaalamu wa fedha kumtambua. Darasa la madrasa linatosha.

Wenzetu wa India yamewapata. Mjini Bengaluru kulikuwa na kampuni iliyoitwa IMA, ya Mohammed Mansoor Khan, iliyokusanya pesa za Waislamu kwa jina la uwekezaji usio na riba, na kuna wanazuoni walioisifu. Juni 2019 ikaanguka, mwenyewe akakimbilia Dubai, mwezi uliofuata akakamatwa aliporudi India. Makumi ya maelfu ya familia walikuwa wameweka humo pesa za mahari, za Hija, za uzeeni. Na usidhani Kenya tuko salama ama hili ni la dini moja. Jopo la Francis Nyenze lililochunguza upatu wa piramidi hapa nchini lilikuta mwaka 2009 kwamba zaidi ya watu 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8, na miradi kama DECI ilikuwa imesambaa kupitia makanisa. Wakristo waliitwa ndugu katika Bwana, sisi tunaitwa akhy. Baadaye ikaja apu ya Amazon Web Worker, haina uhusiano wowote na Amazon yenyewe, watu wakalipwa wiki za kwanza, wakaita marafiki, Februari 2022 ikazimika na pesa zao.

Hapo tena angalia jina linavyotumika. Aliyekuita wewe ni rafiki yako, na wewe ukaita shangazi na jirani. Mwenye apu hawamjui. Wanakujua wewe. Kesi ya shangazi itasomwa sebuleni kwenu, Idi.

Haya mengine nayapitia haraka kwa sababu unayasikia kila siku. Kazi za Ghuba: Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala waliosajiliwa, iko wazi mtandaoni, na wakala ambaye hayumo humo usimpe pasipoti hata kama ni mtoto wa imamu. Wale wa "kazi ya kompyuta Thailand" ndio waliowapeleka Wakenya hadi kambi za utapeli Myanmar, wakalazimishwa kuwatapeli wengine huku pasipoti zao zimefungiwa. Mchumba wa mtandaoni aliyekutumia zawadi ikakwama JKIA inangoja ushuru: dadangu, hakuna zawadi. Umra na Hija ya bei ya kutupa kwa viza ya utalii: Hija ya 2024 walifariki zaidi ya watu 1,300 kwenye joto lile, na Saudia ilisema asilimia 83 hawakuwa na kibali cha Hija, walitembea juani bila hema wala huduma. Na michango ya mitandaoni, ya mgonjwa ama ya Gaza, hasa Ramadhani: picha ileile ya mtoto huzunguka miaka na namba tofauti. Kabla hujatuma, na hasa kabla *hujaisambaza*, mtafute anayemjua mgonjwa kwa uso. Ukisambaza, watu watatoa kwa kukuamini wewe.

Basi, simu iko mkononi. Tuifanye kazi.

Bonyeza *106#. Itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, ripoti kwa mtandao husika ifungwe, na uandike tarehe uliyoripoti. Kama uko Safaricom, bonyeza pia *100*100# ili laini yako isiweze kubadilishwa na ajenti wa barabarani, hadi uende mwenyewe dukani kwao. Safaricom wakikupigia watatumia 0722 000 000 pekee. Namba nyingine yoyote inayodai ni wao, hata iwe na sauti tamu vipi, kata, kisha namba hiyo itume 333, ni bure. Usibonyeze namba zenye nyota nyota unazosomewa na mtu kwenye simu. Kuna zinazofunga laini isipige nje, ukabaki huwezi hata kuomba msaada.

WhatsApp: ile kodi ya tarakimu sita hakuna mtu duniani anayeihitaji isipokuwa wewe. Ustadh wako akiiomba, jua si ustadh, ni aliyeichukua akaunti ya ustadh. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uweke ile pini ya pili. Wakishaiteka akaunti yako wataomba pesa kwa sauti yako, kwa mamako, kwa wenye chama, kwa kundi zima la msikiti.

Pesa "iliyokosewa" ikiingia: kwanza angalia salio, manake ujumbe wa uongo hutoka kwa namba ya kawaida, hautoki kwa MPESA. Ikiwa kweli imeingia, usiirudishe wewe kwa namba ingine unayopewa. Mwambie aliyekosea atume ule ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, irudishwe kwa njia yake. Ukimtumia mkononi, anaweza kuomba tena irudishwe na mtandao, ukalipa mara mbili. Ama pesa yenyewe ni ya wizi, na hapo umeshaipitisha. Hiyo 456 ni ya kwako pia ukikosea ama ukilaghaiwa. Fanya haraka, manake ikishatolewa kwa ajenti imekwenda.

Ukitapeliwa, ripoti polisi na usitoke bila namba ya OB. Najua unavyowaza: nitachekwa, nitaulizwa mbona nilikuwa mjinga, na pia nani anataka kuingia kituoni bila kuitwa? Nakuelewa kabisa, sote tunajua vituo vyetu. Nenda na mtu. Kitambulisho kikipotea, fanya vilevile, siku hiyohiyo. Ile karatasi yenye tarehe ndiyo itakayosimama upande wako siku laini iliyosajiliwa kwa jina lako itakapomwibia mtu Eldoret.

Na wakija kukushika kwa laini usiyoijua, Ibara ya 49 ya Katiba inasema uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, unayo haki ya kunyamaza, ya kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Mahakama za Kibera ziko hapo hapo Makina, mama anaweza kufika kwa miguu. Kumbuka kituo unachopelekwa na majina ya maafisa, na mtu wa nyumbani atuandikie hapa kwenye ukurasa mara moja, usiku ama mchana.

Jambo moja kwa yule anayesoma hii na moyo unamwenda mbio kwa sababu kuna pesa ya mtu imelala kwenye simu yake sasa hivi, na ameahidi kuitoa jioni. Usiitoe. Iache hapo hapo ilipo. Usifute ujumbe hata mmoja, wala namba ya aliyekupigia. Piga simu huduma kwa wateja useme kuna pesa imeingia hujui ni ya nani, halafu njoo kesho baada ya alfajiri, na simu yenyewe, tuende kituoni pamoja.